Dole la Mwenye Ngoma

Ulikuwa mwaka wa makopa. Mtu wa Handeni au wa Korogwe ya bondeni hahitaji nimtajie tarakimu. Ni mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti, tukachimba mihogo michanga, tukaianika ikawa makopa, tukayatwanga, tukala bada, ugali wake, kwa mlenda asubuhi, na jioni mlenda kwa bada. Watoto waliuliza "leo mboga gani?" huku wakicheka, maana jibu walikuwa nalo. Nyumba iliyokaanga kitu chenye mafuta ilijulikana kijiji kizima, na majirani wakakumbuka ghafla kwamba ni siku nyingi hawajaisalimia.

Naanza na njaa kwa sababu bila njaa hii habari haieleweki. Wanawake kumi na mmoja wenye akili zao timamu, mmoja wao mimi, waliitoa ngoma yao kwa watu wa mbali huku harufu ya pilau iko puani. Wa kumi na mbili alikula sahani mbili za pilau hiyohiyo, na hakutoa kitu.

Huyo wa kumi na mbili ndiye ninayetaka kumsema. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Mwenye Ngoma, na hata mtendaji wa kata alimwita hivyo, na nadhani hata malaika alipokuja alimwita hivyohivyo. Matanga yake yalianuliwa kimya. Nilikuwepo, na mdomo ninao. Nitafika huko.

Tangu afe nasikia watu wanasema alikuwa mtu mpole. Uongo mtupu. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Fimbo yake ya ngoma ilikuwa na kazi mbili: kupiga ngoma, na kumpiga aliyechelewa kuitikia. Mimi nilikuwa mtoa nyimbo. Sauti yangu ilisifiwa kutoka Kang'ata mpaka Segera, na nilistahili. Lakini bega langu la kushoto linaijua ile fimbo.

"Unaimba ukijisikiliza," ananiambia. "Imba ukimsikiliza mfiwa."

"Watu wananisifu," namjibu.

"Hata beberu husifiwa, mbuya, siku moja kabla ya sikukuu."

Mbuya ni rafiki kwa Kizigua chetu. Aliniita hivyo hata akiwa ananichapa.

Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo kama ya mtu aliyebeba mzigo siku zote, na kweli alibeba. Ngoma ile aliifunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto, na alitembea nayo kilima na bonde. Usiku aliifunika blanketi. Blanketi lilikuwa moja nyumbani kwake. Yeye alijifunika kanga. Mwaka mmoja wa baridi kali nilimwambia, mbona unaumwa mafua na blanketi lipo? Akanitazama kama niliyemtukana. "Mimi nikishikwa na baridi nakohoa. Ngoma ikishikwa na baridi inanyamaza."

Ngoma ya ngozi haipigwi ikiwa baridi. Hili anayejua anajua, asiyejua nimweleze. Ngozi hulegea, ukiipiga inatoa sauti kama kofi kwenye tumbo la mtu aliyeshiba. Lazima uwashe moto kwanza, wa magunzi au nyasi kavu, uizungushe ngozi mbele ya moto, uiguse kwa vidole, uizungushe tena. Sisi wengine tuliunguza ngozi mbili tukijifunza. Yeye aliinamisha sikio tu, akagonga mara moja, akasema "bado." Akagonga tena. "Bado." Sisi tunasubiri, wageni wanasubiri, bwana harusi jasho linamtoka, yeye "bado." Siku moja mkuu wa shule fulani alimwambia, "Bibi, tuna ratiba." Akamjibu bila kugeuka, "Basi ipigeni hiyo ratiba."

Alikuwa mchoyo. Niseme kweli, maana marehemu akisifiwa kila kitu hasikiki tena. Ukimwomba kiberiti alikuhesabia njiti. Chumvi aliificha chini ya kitanda. Mjukuu wangu mkubwa, yule aliyefika chuo, akili zake za kwangu, alitumwa kwake siku moja kuomba kitunguu, akarudi na nusu ya kitunguu na ujumbe: "Mwambie bibi yako nusu nyingine nimeiazima mimi." Lakini ngoma ya matanga hakuipokelea hata chembe ya chochote zaidi ya chakula. Wala hakusubiri kuitwa.

Hapo ndipo penye desturi yetu. Ngoma ya matanga haiitwi. Mtu mzima akifa, akazikwa kwa dua na taratibu zote za dini, mfiwa hatumi mtu kwenda kwa wapigaji. Akituma ni aibu, ni kama kununua machozi. Anakaa kwake. Siku ya kuanua matanga inapofika, ngoma inakuja yenyewe. Mfiwa akiisikia mbali njiani, anaamka, anafagia uwanja, anatoa kuni. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeombwa. Wanawake wanaimba kumtoa marehemu nyumbani na kumrudisha mfiwa duniani. Baada ya hapo unaruhusiwa kucheka tena.

Shehe wetu aliinung'unikia desturi hiyo kila mara, na kila mara alibaki mpaka ubwabwa ulipoiva. Mwenye Ngoma aliswali nyuma yake swala tano bila kukosa, kisha akatoka akawasha magunzi yake. "Shehe ana kazi yake kwa aliyekwenda," alisema. "Mimi nina kazi yangu kwa waliobaki."

Lakini mtu asidhani alichukia jukwaa. Ujana wake aliwahi kwenda Korogwe kucheza dansi viatu mkononi ili visichafuke njiani, na mpaka uzeeni, akisikia gitaa la zamani redioni, mguu wake mmoja ulikuwa na adabu na mwingine hauna. Ni yeye aliyetupeleka ukumbini mara ya kwanza. Alisema nyimbo za harusi na za mavuno hazina sababu ya kuozea kijijini. Za matanga tu ndizo hazikupanda jukwaani.

Na alipenda ugomvi wa kumbi. Zamani ukigombana na mwenye ukumbi wa Korogwe, ulipanda gari ukamwendea mwenye baa ya Segera, pale magari ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam yanapokutana. Ukamwambia mwenzake wa Korogwe ana roho mbaya. Naye, kwa kumkomoa tu, anakupa jukwaa siku hiyohiyo, na soda juu. Ukigombana na wa Segera unapanda Handeni kwa mzee mwenye maturubai na spika. Ukimaliza kugombana na wote watatu, wa kwanza keshasahau. Mwenye Ngoma aliuita mzunguko huo "kuzungusha ngozi." Kila upande ukipata moto kidogo, ngoma inalia vizuri.

Kisha ikaja Kampuni. Jina lake nalo silitaji, wala si kwa heshima.

Hawakuja na panga. Walikuja na shikamoo. Mzee wa ukumbi wa Korogwe alifariki, wanawe wakauza. Mwenye baa ya Segera alikuwa na shida zake, naye akauza. Mzee wa maturubai akanunuliwa maturubai, spika, na lile gari la matangazo. Redio tuliyokuwa tunasikiliza wakati wa kupukuchua mahindi ikanunuliwa. Na sisi hatukujua, maana mabango yalibaki na majina yaleyale na rangi zilezile. Tulidhani bado ni watu watatu. Kumbe ni mtu mmoja amevaa kofia tatu.

Tulijua siku tulipogombana kuhusu moto. Mwenye Ngoma aliwasha magunzi nyuma ya ukumbi wa Korogwe kama siku zote, akaja msimamizi mpya, dada mmoja kutoka Dar, mrembo, mpole, anasalimia kwa magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, samahani sana, moto hauruhusiwi hapa. Tuna ngoma iliyorekodiwa, inatoka kwenye spika. Nyie mtacheza tu na kuimba. Dakika nane."

"Dakika nane nakuwa bado nageuza ngozi."

"Ndio maana tumewarahisishia, bibi yangu. Hata hiyo ngoma msihangaike kuibeba."

Mwenye Ngoma akazima moto kwa mguu. Akacheka hata, kwa sababu ugomvi aliupenda. Akatuambia, "Akina mama, fungeni. Twendeni Segera." Tukapanda gari, tukaimba njia nzima, tunajiandaa kumsengenya mwenye ukumbi wa Korogwe. Tulipofika Segera, kwenye kiti cha mwenye baa alikuwa amekaa yule Dada. Katangulia na gari lake dogo.

"Shikamooni mabibi," akasema, anatabasamu. "Nilijua mtakuja. Karibuni soda."

Mwenye Ngoma hakucheka tena. Alikaa juu ya ngoma yake pale barabarani, malori yanapita, akauliza kwa sauti ndogo, "Na Handeni?" Dada akasema, "Handeni pia ni sisi, bibi."

Hayo yalikuwa kabla ya mwaka wa makopa. Mwaka huo wakatuita Korogwe, ukumbini, kwenye kikao cha ushirikiano. Tulikwenda sote kumi na wawili, tumbo limeshikana na mgongo. Tulipovuka mlango tukapokewa na harufu. Pilau ya nyama, kachumbari, ndizi mbivu. Kuna mwenzetu, Mama Sefu, mwimbaji wa pili, alitokwa na machozi pale pale akasingizia vitunguu.

Tukala. Baadaye ikaja karatasi.

Sasa hapa nisikilizwe vizuri, maana wasomi wanatucheka. Sisi tumeitwa kwenye semina nyingi. Semina ya malaria, semina ya mbegu, semina ya vyoo. Kila semina, mwisho, inapita karatasi yenye mistari: namba, jina, sahihi. Unaandika, unapewa nauli, unakwenda. Ndiyo fomu ya mahudhurio. Mkono wangu umeandika jina kwenye fomu hizo mpaka umekuwa mwepesi. Na ile ya Kampuni ilikuwa hivyohivyo: namba, jina, sahihi. Kurasa za mbele zilikuwa Kiingereza, zimebanwa kwa pini, na ule wa mwisho ndio uliofunguliwa kwetu.

Nilikuwa wa kwanza. Mimi nina darasa la nne, najua kuandika jina langu kwa herufi za kuunganisha, na napenda watu waone. Niliandika kubwa, nikapiga mstari chini yake. Nikampa Mama Sefu. Ikazunguka. Walioweza waliandika, wasioweza walibonyeza dole kwenye kibweta cha wino. Bahasha za nauli zikaja nyuma yake.

Ikafika kwa Mwenye Ngoma. Yeye hakujua hata herufi moja. Akaishika karatasi, akaigeuza mbele nyuma, akaipima uzito kiganjani.

"Ya malaria haikuwa nzito hivi," akasema.

"Ni ushirikiano tu, bibi," Dada akasema.

"Isome."

"Ni ndefu, bibi, magari yatawaacha."

"Isome tu pale inapotaja ngoma."

Dada akafungua kurasa, akapekua, akafunga. Akasema itasomwa siku nyingine, leo ni kuhudhuria tu. Mwenye Ngoma akaisukuma karatasi katikati ya meza, polepole, isipitie kwenye mchuzi.

"Pilau nimekula, na ilikuwa nzuri, ahsante," akasema. "Dole langu siweki. Kunjeni karatasi yenu mwende zenu."

Tuliona aibu. Nasema kweli, tulimwonea aibu. Mama Sefu alimvuta kanga, akamnong'oneza, "Dada yangu, usituharibie, ni mahudhurio tu." Mimi nikasema kwa sauti, ili Dada asikie, "Msamehe, hajasoma." Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu niliojivunia.

Hakuchukua bahasha ya nauli. Alipata lori tupu linalokwenda kufuata mkaa, akapanda nyuma na ngoma yake. Alifika kwake mweusi kuanzia ushungi mpaka kandambili, na wajukuu zake wakakimbia wakidhani ni mtu mwingine.

Mjukuu wangu wa chuo ndiye aliyetusomea, likizo ilipofika, nakala tuliyopewa. Alisoma kimya kwanza. Nikaona anavyofuta jasho la pua. Jina la kikundi ni la Kampuni. Nyimbo zote, tulizoimba na tutakazoimba, ni za Kampuni. Sisi kumi na mmoja hatuziimbi mahali popote Kampuni haikupanga, hata kwenye shughuli za kijamii.

"Shughuli za kijamii ndiyo nini?" nikamuuliza.

Akaweka kidole kwenye mstari. "Bibi, ni harusi na misiba."

Nikacheka. Nikamwambia misiba haina mwenyewe. Akasema, "Humu inaye."

Jukwaa tulilipata, sikatai. Dakika nane, mara mbili kwa mwezi, sare za rangi ya machungwa, ngoma inatoka kwenye spika. Ilikuwa ngoma ya nani, wapi, sijui. Ilikuwa haichelewi wala haiwahi. Haikuwahi kutusubiri hata mara moja. Mwenye Ngoma alikuja kutuona siku moja tu, akalipa kiingilio kwa simu ya mjukuu, akakaa nyuma. Tulipotoka nikamuuliza, tumependeza? "Mmependeza," akasema. "Ngoma yenu baridi kama bada ya jana."

Kisha likaja lile gari la matangazo. Lilipita Kang'ata, kwao Mwenye Ngoma, asubuhi, watu wako mashambani, spika mbili juu, na kwenye spika iko sauti yangu. Ni wimbo wa kuanua matanga, ule tunaouanza mfiwa anapofagia. Tulirekodiwa siku ya mazoezi, wakatuambia tuimbe zote tu, wapime sauti. Wanawake wakaacha majembe. Mmoja akabeba mtoto mgongoni akaanza kukimbia kuelekea kwao, kwa sababu alimwacha mama yake mgonjwa.

Mwenye Ngoma akasimama katikati ya barabara, jembe begani. Dereva akafunga breki.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hajafa mtu, bibi. Ni tangazo la magodoro. Ukinunua moja la sita kwa sita unapata mto bure."

"Zima."

"Bibi, mimi ni mwajiriwa tu."

"Nimesema zima. Wimbo huo hauimbwi bila maiti. Ukipita nao hapa, utamtafuta maiti wa kuujaza."

Dereva alikuwa Msambaa, mtoto wa watu, anajua uzito wa maneno kama hayo. Alizima. Lakini alipovuka mto akawasha tena, tukausikia ukienda.

Tungeweza kukataa basi, utasema. Mama Sefu alijaribu. Aliimba kwenye harusi ya mpwa wake, mtu akamrekodi kwa simu, ikasambaa. Wiki haikuisha akaitwa ofisi ya kata, akasomewa kifungu, akaambiwa kuna fidia. Tarakimu ya fidia hiyo hakuweza hata kuirudia kutusimulia. Alionyesha kwa mikono tu, kama mtu anayeeleza ukubwa wa nyoka. Akaondolewa jukwaani. Na hakuna jukwaa jingine la kwenda, maana Korogwe ni wao, Segera ni wao, Handeni ni wao. Tangu hapo tulifunga midomo. Mwaka wa makopa ulikuwa umepita, lakini tumbo lina kumbukumbu ndefu.

Halafu akafa dada yangu, tumbo moja, Kerenge alikoolewa.

Sikumwambia Mwenye Ngoma. Haiambiwi. Siku ya kuanua matanga nilikuwa nimekaa mkekani na wenzangu wa kikundi wakanizunguka, wote wamekuja kunipa pole. Tukaisikia. Kaja na bodaboda, kutoka Kang'ata mpaka Kerenge, yeye na ngoma mgongoni, umri ule. Wakwe wa dada yangu wakafagia. Akawasha magunzi, akageuza ngozi, akagonga. "Bado." Akagonga. Kisha akaanza.

Akapiga mwingilio, akanitazama. Hapo ndipo mtoa nyimbo anaingia.

Kando ya ukuta palikuwa na watu wa Kerenge nisiowajua, na mmoja wao ameinua simu. Labda anasoma ujumbe. Labda anatazama saa. Sitajua mpaka nife. Nilifungua mdomo, nikaiona mikono ya Mama Sefu ikionyesha ule ukubwa. Nikawafikiria wajukuu. Nikafunga.

Mwenye Ngoma akarudia mwingilio mara ya pili. Akarudia ya tatu. Wanawake kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyepumua kwa nguvu. Basi akaimba mwenyewe. Sauti yake ilikuwa mbaya, ilikwaruza kama mlango wa bati, na maneno alikuwa anayajua nusu, maana kuyajua ilikuwa kazi yangu. Alimtoa dada yangu nyumbani hivyohivyo, peke yake, akipiga na kuimba na kujiitikia.

Alipomaliza akala, akanawa, akafunga ngoma mgongoni. Akapita pale nilipokaa. Nilitamani anichape. Bega nililiweka tayari.

"Pole na msiba, mbuya," akasema, akaondoka.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mchana wa kiangazi. Alikuwa ameshavimba miguu, pumzi inakuja kwa kukopa. Siku moja kabla, Dada wa Kampuni alifika kwangu. Akapiga magoti, akaniletea sukari. Akasema watu wa ukumbini wamelalamika kwamba ngoma ya spika imekufa, na wakubwa wa Dar wanamtaka bibi mwenyewe, japo wamrekodi akiwa amelala.

"Anaumwa," nikamwambia.

"Najua, bibi. Ndio maana nimekuja leo." Akashusha sauti. "Akiweka dole tu, nawaandikia ruhusa. Misiba yote, muimbe wote. Hata wa kwake."

Sitasema nilidanganywa. Safari hii nilijua kila neno. Nilichukua karatasi na kibweta cha wino, nikavifunga kwenye pindo la kanga, nikaenda Kang'ata. Njia nzima nilikuwa nawaza kitu kimoja: siku ya kuanua matanga ya Mwenye Ngoma, nani atakuja bila kuitwa? Ngoma itakuja na nani, iwapo mwenye kuileta ndiye maiti? Dole moja, nikasema. Dole moja, na sisi kumi na mmoja tutamtoa nyumbani kwa sauti ambayo itafika Segera.

Nilimkuta amelala, kajifunika kanga. Ngoma ilikuwa miguuni pake ndani ya blanketi. Siku ya kuanua matanga yake hakuna aliyeitoa, wala mimi sikuimba; leo hii bado ipo mle ndani, mlango umefungwa, na nimeambiwa panya wameshaanza pembeni mwa ngozi. Siku ile ilikuwa nzima. Mkono wake wa kulia ulining'inia nje ya kitanda, kiganja juu.

Nilikaa. Nikamwita mara moja, kwa sauti ndogo kuliko inavyopasa. Nikafungua kibweta. Nikatandaza karatasi pajani. Nikalishika dole lake, gumu kama kisigino, nikalibonyeza kwenye wino. Lilikuwa la baridi.

"Unafanya nini, mbuya?"

Macho yalikuwa wazi. Sijui tangu saa ngapi.

"Nakukanda mkono."

"Kwa wino?" Akakohoa, na ndani ya kikohozi palikuwa na kicheko. "Uchaguzi umefika? Mbona sijamsikia mgombea?"

Nikalia. Nikamwambia yote, pupa pupa: sukari, Dada, ruhusa. Nikamwambia, "Ukifa nani atakupigia? Sema. Unataka utoke kwenye nyumba hii kimya kama mbwa? Dole moja tu, dada yangu. Nitaimba. Nitakuimbia kama sijawahi kuimba."

Alivuta pumzi, moja, nyingine.

"Dada yako ulimwimbia?"

Niliinamia karatasi. Yeye akauvuta mkono wake kutoka mkononi mwangu, taratibu, akalifuta dole kwenye kanga. Kanga yangu, si yake. Doa lipo mpaka leo. Nimeifua kwa sabuni, kwa jivu, kwa ndimu, halitoki.

Chumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Akanitazama kama alivyomtazama Dada siku ile ya pilau, akasema:

"Dole langu siweki. Kunjeni karatasi yenu mwende zenu."